Barua ya Kuthibitisha Barua

Mguu wa bandia wa Mizhir Dakhil ulipasuka kifundoni mwezi wa Tisa, na yeye, kwa kuwa ni fundi, akaufunga kwa mkanda wa feni. Mizhir hutengeneza vipoza hewa wakati wa joto na majiko ya mafuta ya taa wakati wa baridi, katika kiduka kilicho mlango wa tatu kutoka kwangu, hapa Amara, mji ulio kusini mwa Baghdad. Hakuna kitu kilichowahi kuingia dukani mwake kikatoka hakifanyi kazi, isipokuwa mguu huo. Mkanda ulishika vizuri. Kilichomshinda ni kikombe cha juu, kile kinachopokea kigutu: kilikuwa kimepinda kwa uzee, kikawa kinasaga nyama chini ya goti kila anapopiga hatua. Kufikia Desemba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kitako cha bilauri ya chai.

Daktari Widad alikitazama kidonda, akavua miwani.

“Baba Raad, nitakwambia wazi. Ukiendelea kutembea na hili dude hadi mwisho wa Aprili, nitakukata tena. Na safari hii sitakata chini ya goti.”

“Na nikiacha kutembea?”

“Utaweza?”

Vipoza hewa vya mji wetu vimefungwa juu ya mapaa, na mapaani hupandwa kwa ngazi. Mtu mwenye goti anapanda ngazi hata kwa mguu wa plastiki. Asiye na goti hukaa chini na kuwaeleza wengine jinsi ya kukaza skrubu. Mizhir alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, aliyezaliwa tarehe mosi Julai kama watu wote wa rika lake ambao mama zao hawakuwa na kalenda, na hakuwa tayari kuanza kueleza.

Alihitaji mguu mpya. Hapo hapakuwa na ugumu, kwa sababu serikali hutoa mguu kwa kila askari aliyepoteza wake vitani. Mguu hutolewa kwa mwenye kadi. Kadi hutolewa kwa aliyethibitishwa na bodi ya madaktari kuwa ulemavu wake umefika asilimia sitini. Mguu uliokatwa chini ya goti, kwa hesabu ya bodi, ni asilimia hamsini. Mizhir alipata nyingine kumi na mbili kwa sikio la kushoto, lililoziba siku ile ile na kwa bomu lile lile. Sitini na mbili, basi. Uamuzi wa bodi hudumu siku tisini. Ndani ya siku hizo mwombaji anatakiwa kuleta uthibitisho kwamba barua ya hospitali ya jeshi, iliyoandikwa mwaka 1987 kueleza kukatwa mguu, kweli ilitoka katika masjala ya jeshi Baghdad. Barua ya kuulizia hupelekwa Baghdad kwa posta ya ofisi, na jibu hurudi kwa posta ya ofisi. Kwenda na kurudi huchukua miezi minne.

Mtu yeyote aliyefika darasa la tatu ataona tatizo. Tangu miaka miwili nyuma, mguu ulipoanza kuzeeka, bodi ilikuwa imempa Mizhir sitini na mbili mara mbili, na mara mbili uamuzi ulikufa kabla jibu halijafika. Mara ya kwanza jibu lilichelewa kwa siku kumi na tisa. Lilisema barua ni sahihi, likawekwa kwenye faili, na lenyewe likapitwa na wakati, kwa kuwa lilithibitisha barua kwa ajili ya uamuzi ambao haukuwepo tena. Mara ya pili jibu halikurudi kabisa. Januari bodi ilimpima kwa mara ya tatu, ikaona mguu bado haujaota.

“Mguu waliuchukua siku moja,” alisema Nashmiya, mkewe, akimwaga maji ya kuoshea kidonda. “Asubuhi ulikuwepo, adhuhuri haupo. Hawakuomba kopi ya kitambulisho. Hawakusema njoo Jumapili.”

“Ulikuwa wakati wa vita, mama.”

“Basi waanzishe vita vingine, labda wataurudisha haraka.”

Wiki ya tatu ya Machi, siku ya sitini na nane ya uamuzi wa tatu, Mizhir alifunga duka akaenda ofisini. Ofisi yenyewe haina haja ya jina. Kila mji unayo, na dirisha lake la pili huwa limefungwa. Mkuu wa karatasi pale aliitwa Bwana Muwafak. Nasema bila kejeli kwamba alikuwa mtu mwenye adabu kuliko wote niliowahi kukutana nao serikalini. Ungetoka kwake mikono mitupu ukiwa umeombewa dua, umenyweshwa chai, na umeulizwa hali za watoto kwa majina yao.

“Karibu, karibu, Baba Raad. Kaa. Wewe ni wa kukaa, si wa kusimama.”

“Nimekuja kuuliza jibu la Baghdad.”

“Halijafika, mboni yangu.”

“Barua ya kuulizia imeondoka?”

Bwana Muwafak alifungua daftari, akapitisha kidole, akalifunga taratibu kama mtu anayefunika maiti. “Iko tayari kuondoka.”

“Tangu lini?”

“Tangu Januari. Gari la posta liko gereji.”

Mizhir alivuta suruali juu, akaugonga mguu wa bandia kwa fundo la kidole. Ulilia kama ndoo. “Bwana Muwafak. Unaona nini hapa?”

“Naona mguu wa plastiki, Mungu akulipe kheri.”

“Wa kwangu uko wapi?”

“Baba Raad, hakuna mtu hapa mwenye shaka kwamba mguu huna. Haya, nani atalitilia shaka hilo? Shaka yetu ni juu ya barua.”

“Lakini barua inasema mguu sina!”

“Ndiyo. Na hilo tunaliamini. Tusichojua ni kama barua ndiyo iliyosema.”

Chai ililetwa. Bwana Muwafak, akitafuta la kumfariji mgeni wake, aliinama karibu na kusema kwa sauti ya chini, “Daktari amesemaje juu ya goti?”

“Anasema Aprili atalikata.”

“Mungu apishe mbali. Lakini likikatwa, unajua, kuna njia nyepesi. Juu ya goti ni asilimia sabini, na kwa kuwa operesheni itafanyika hospitali yetu hii hapa, barua yake haitahitaji kuthibitishwa Baghdad. Wiki mbili umemaliza.”

Aliyasema hayo kwa upendo wa kweli. Mizhir aliniambia baadaye kwamba hicho ndicho kilichomzuia asimrushie bilauri.

Badala yake aliuliza, “Barua ninaweza kuipeleka mwenyewe?”

“Haiwezekani. Wewe ndiye mhusika. Hubeba tarishi.”

“Tarishi nikimbeba mimi?”

Bwana Muwafak alisita. Akavuta droo, akatoa kitabu cha kanuni, akasoma kurasa tatu akisogeza midomo. Kanuni ilisema tarishi asafiri kwa chombo. Haikusema chombo cha nani. Alimtazama Mizhir kwa heshima mpya, kama mtu aliyegundua mlango ndani ya nyumba aliyoishi miaka ishirini.

Kibali cha safari kilihitaji saini tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Muwafak. Ya pili ni ya mkurugenzi, aliyesaini bila kusoma. Ya tatu ni ya mkuu wa usafiri, ambaye alikuwa amestaafu, na aliyekaimu nafasi yake ni Bwana Muwafak. Ikabidi Bwana Muwafak amwandikie barua mkuu wa usafiri, aipeleke masjala, masjala ikaigonga muhuri wa kupokelewa, na kesho yake ikarudi mezani kwake. Aliisoma kwa makini. Kisha akamjibu mwenyewe kwamba hana pingamizi.

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, Krauni nyeupe ya Mizhir ilisimama mbele ya nyumba ya tarishi. Gari hilo linabadilisha gia lenyewe, na mguu wa kulia ndio wote linaouhitaji. Ndiyo maana Mizhir hajaliuza. Tarishi aliitwa Sabti. Alikuwa mtu mnene, mwenye kisukari na cheti cha maradhi ya mgongo, na alitoka na bahasha ya kaki kifuani, kikapu cha mkate wa mchele uliojazwa samaki mkononi, na uso wa mtu anayekwenda kupokea nishani.

“Weka bahasha kwenye dashibodi, ukae vizuri,” alisema Mizhir.

“Usiiguse.”

“Sijaigusa.”

“Umeitazama.” Sabti aliilaza mapajani, akaweka kikapu juu yake. “Mhusika haruhusiwi kushika. Ukishika, safari imeharibika, tunarudi.”

Hadi Kut, mji wa katikati ya safari, hawakuongea sana. Kizuizi cha kwanza cha askari, kitambulisho; cha pili, kitambulisho na bahasha; cha tatu askari kijana akataka kuifungua, na Sabti, ambaye kwa kawaida hupumua kwa shida akivaa viatu, akashuka garini na kumsomea kanuni hadi yule kijana akaomba radhi. Mizhir akaanza kumpenda kidogo. Kut walisimama kwa malai ya nyati, mkate na chai, na hapo Sabti, akipangusa masharubu, aliuliza kile ambacho watu huuliza mwishoni.

“Ulilikanyagaje lile bomu?”

“Kwa mguu.”

“Najua kwa mguu. Nauliza hukuliona?”

“Sabti, bomu la ardhini wakiliweka mahali pa kuonekana, wamefanya kazi gani? Wewe ulikuwa wapi mwaka ule?”

“Kwenye matete.” Sabti alionyesha kusini kwa kipande cha mkate. “Nilitoroka kikosini siku ya tatu. Miaka miwili nikala samaki na bata. Mbu waliniua.”

“Pole.”

“Nina kadi,” alisema Sabti. “Ya waliohangaishwa na utawala ule ulioangushwa. Niliipata kwa mwezi mmoja.”

“Ulithibitishaje?”

“Mashahidi wawili. Binamu zangu.”

Mizhir alisema baadaye kwamba alitafuta hasira, akaikosa. Mtu aliyekimbia vita vile alikuwa na akili, na jambo pekee la kumlaumu ni kwamba hakumwambia mtu mwingine.

Masjala ya Baghdad ilikuwa ghorofa ya pili, na lifti ilikuwa na tangazo. Mizhir alipanda ngazi akihesabu, arobaini na nne, na alipofika juu soksi ya kigutu ilikuwa imelowa. Kwenye kaunta alikaa mama wa makamo aliyevaa glavu za pamba, Bibi Khawla. Alipokea bahasha kutoka kwa Sabti, akaifungua, akasoma, akamtazama Mizhir kuanzia juu hadi chini.

“Wewe ndiye barua?”

“Mimi ndiye mguu.”

“Kaa, baba, nisije nikakuokota. Mwaka gani? Themanini na saba?” Akaingia ndani. Tulizoea kuambiwa kwamba kumbukumbu zote ziliungua baada ya vita vya mwisho. Kumbe si zote. Zilizokuwa muhimu ziliungua. Rejesta za barua zitokazo zilikuwa nzito mno kwa waporaji, na hakuna aliyezitaka.

Alirudi na daftari kubwa la jalada la kijani, akalifungua juu ya kaunta bila kuuliza nani mhusika na nani tarishi. Mizhir akainama. Mstari wa tisa kutoka juu, kwa wino wa bluu: Mizhir Dakhil Chasib, askari, mguu wa kushoto. Namba ya barua, tarehe. Mstari wa nane, mguu wa kulia. Mstari wa kumi, yote miwili. Kumi na moja, mkono. Ukurasa ulikuwa na majina kumi na saba ya siku moja, mwandiko mmoja mzuri wa karani mmoja, na mstari wa kumi ulikuwa wa kijana wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akimwomba maji usiku kucha na kumwita kaka.

Sabti naye alikuwa akisoma, mkate umesahauliwa shavuni.

“Hawa wengine,” Mizhir aliuliza, “wamekuja?”

Bibi Khawla alipitisha kidole chenye glavu pembeni mwa ukurasa, mahali pa kuandika maulizo. Palikuwa peupe kabisa.

“Wewe wa kwanza katika ukurasa huu.”

“Nimeulizia mara mbili kabla ya hii.”

“Basi walioniandikia walijibiwa na mtu asiyefungua daftari.” Akavuta karatasi, akaandika mistari mitatu: barua namba fulani ya tarehe fulani ilitoka kwetu, nayo ni sahihi. Ilimchukua dakika saba. Mizhir alizihesabu kwenye saa ya ukutani, akilinganisha na miaka miwili. “Sasa muhuri,” akasema, “na muhuri ni wa Bwana Nuri, na Bwana Nuri yuko msibani. Amefiwa na mjomba wa mkewe. Atarudi Jumapili.”

Sabti alitoa kibali chake cha safari akakilaza kaunta. Kilikuwa cha Alhamisi peke yake. Kesho yake ni Ijumaa, keshokutwa Jumamosi, ofisi zimefungwa. Na tarishi aliyepitwa na kibali si tarishi tena, ni mtu mnene mwenye bahasha. Kibali kingine kingemlazimu Bwana Muwafak ajiandikie tena.

“Muhuri uko wapi?” aliuliza Mizhir.

“Mfukoni mwake. Uliwahi kuibwa mezani, tangu hapo analala nao.”

“Na msiba uko wapi?”

Bibi Khawla alimtazama, akaandika mtaa nyuma ya risiti ya kinyozi. “Mimi sijakwambia kitu, baba.”

Hema la msiba lilikuwa limeziba barabara nzima ya mtaa, viti pande mbili, msomaji wa Kurani kwenye kipaza sauti. Kwetu mtu hawezi kuingia matangani na kuulizia muhuri. Anaingia, anatamka Fatiha kwa sauti, watu wote wanainua viganja, anakaa. Kisha huletewa kahawa chungu. Kisha maji. Kisha huinuka na kuwapa mkono wafiwa mmoja mmoja. Mizhir na Sabti walifanya yote hayo kwa ajili ya marehemu waliyemjua kwa kusoma bango mlangoni.

Mzee mmoja wa upande wa wafiwa alimwona Mizhir akichechemea, akaja haraka na kumkumbatia.

“Ulikuwa naye mstari wa mbele vitani! Mungu wangu, umekuja na mguu huo kutoka wapi?”

“Amara, ami, lakini mimi…”

“Kutoka Amara! Sikieni! Mwenzake marehemu Haji wa jeshini, ametoka Amara!”

Viti vikasogezwa. Akakalishwa katikati ya wana wa marehemu. Mmoja, mwenye mvi, akamshika mkono na kusema baba yake hakuwahi kuwasimulia chochote cha vita, hata neno moja, na je, alikuwa mtu wa namna gani kule?

Mizhir angeweza kusema ukweli. Alifungua kinywa kwa nia hiyo. “Sikupata kuwa naye kikosi kimoja,” alisema, “lakini waliokuwa kule wote walikuwa na kiu, na waliokuwa na maji waliwapa wenzao. Hakusimulia kwa sababu hakuna cha kusimulia. Ilikuwa matope.” Yule mwana akalia. Sabti, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa amefika sahani ya pili ya wali na nyama, akalia naye.

Bwana Nuri alipatikana karibu na masufuria, mtu mdogo mwenye koti kubwa. Alielezwa. Hakukasirika, alionekana kufarijika kupata kazi. Akapapasa mfuko wa ndani, akatoa muhuri uliofungwa kwa leso na kikasha cha wino. Akatafuta mahali pa kugongea. Meza zilikuwa na chakula, kiti kilikuwa na matundu, gari lilikuwa mbali.

“Inama,” akamwambia Sabti.

“Mgongo wangu una cheti.”

“Sabti,” alisema Mizhir, taratibu sana, “nimepanda ngazi arobaini na nne. Nimemsomea Fatiha mtu nisiyemjua. Inama.”

Sabti aliinama, mikono magotini. Barua ililazwa mgongoni mwake na kugongwa muhuri, na ndiyo maana hadi leo herufi mbili za mwisho za muhuri ule zimefifia: ndipo koti la Sabti lilipokuwa na mshono.

Jumapili asubuhi Bwana Muwafak aliipokea barua kwa mikono miwili. Aliisoma. Aliinua muhuri kwenye mwanga wa dirisha. Paji la uso wake likakunjana kwa huruma, ile ile ambayo Mizhir alikwisha kuijua.

“Barua nzuri,” alisema Bwana Muwafak. “Nzuri sana. Ila, Baba Raad, muhuri umefifia hapa pembeni. Na haikuja kwa posta. Ili moyo utulie, pengine tuwaulize Baghdad kama hii nayo…”

Ni Sabti aliyesimama. Wote wawili wameniapia kwamba hivi ndivyo alivyosema, na wanatofautiana tu kuhusu alichokuwa akitafuna.

“Bwana Muwafak, mimi nimefanya kazi hapa miaka kumi na minne na sijawahi kukupandishia sauti. Huo muhuri umegongwa mgongoni kwangu! Hapa! Mgongo umeumia hadi kesho yake! Ukitaka kuthibitisha, nivue shati uone wino! Mimi ndiye tarishi wa ofisi hii kwa kanuni yako mwenyewe. Nikisema imetoka Baghdad, imetoka Baghdad. Kama mimi siaminiki, basi hakuna barua iliyowahi kufika humu ndani tangu uajiriwe, na hata barua ya kukuajiri wewe niliileta mimi!”

Dirisha la pili lilifunguliwa kidogo, mtu akachungulia, likafungwa. Bwana Muwafak aliitazama barua, kisha Sabti, kisha ukutani, mahali ambapo barua ya kumwajiri ingekuwa imetundikwa kama angekuwa mtu wa majivuno.

“Saini hapa kwamba umekabidhi,” alisema mwishowe.

Kadi ilitoka siku tisa kabla ya uamuzi wa bodi kufa. Mguu ulitengenezwa kwa wiki mbili na siku kadhaa, na katikati ya hizo Mizhir alitembea kwa magongo, akikataa kazi zote za mapaani. Daktari Widad alikitazama kidonda siku ya mwisho ya Aprili, akavua miwani, akaivaa tena. Kilikuwa kinafunga. Akamwambia aende zake. Mei ilipoanza na joto lake, nilimwona Mizhir juu ya paa la mwuza viatu akivua kifuniko cha kipoza hewa, na Nashmiya chini ameshika ngazi na kumtukana kwa furaha.

Barua ilikuja Julai, kwa posta ya ofisi, gari likiwa limetoka gereji. Iliandikwa na Baghdad, idara nyingine kabisa, si ya Bibi Khawla. Ilisema kwamba katika ukaguzi wa rejesta imeonekana ulizo lililoletwa kwa mkono na mtu aliyejitambulisha kama tarishi. Kwamba ofisi ya Amara inaombwa kuthibitisha kuwa ulizo hilo kweli lilitoka kwake. Na kwamba hadi jibu lifike, uthibitisho uliotolewa uhesabiwe kuwa umesitishwa, pamoja na haki zote zilizotokana nao.

Sabti ndiye aliyeileta dukani. Mizhir aliisoma akiwa na bisibisi mdomoni, akaisoma tena, akaitoa bisibisi.

“Haki zote zilizotokana nao. Maana yake mguu?”

“Nadhani.”

“Umefungwa kwa skrubu nne. Wakiutaka waje na bisibisi. Sitauvua, Sabti. Wauandikie mguu barua.”

“Hakuna atakayeuchukua,” alisema Sabti. “Wanataka jibu tu. Na jibu Bwana Muwafak ameshaliandika. Aliumia, masikini, hakulala. Amejisainia kibali jana na leo.” Akasogea pembeni. Bahasha ya kaki ilikuwa kifuani, kikapu mkononi, na harufu ya samaki. “Gari la posta limerudi gereji.”

Nilitegemea Mizhir atatukana, nilikuwa nimesimama mlangoni kwa ajili hiyo. Alifuta mikono kwa kitambaa, akazima feni, akavuta mlango wa chuma wa duka hadi chini na kuutia kufuli.

“Nani amekufa safari hii?”

“Bado hatujui,” alisema Sabti.

Wakatembea hadi kwenye Krauni. Sabti akaingia kwanza, bahasha mapajani, kikapu juu yake. Mizhir akafungua mlango wa dereva, akashika paa la gari kwa mkono mmoja, akakunja goti la kushoto, akaingia.